Pima maji ya kisima kwanza, sauna baadaye

Dada wa Shela, kule Lamu, simama hapo hapo. Usilipe hiyo arbuni. Umeuliza kipi bora kwa nyumba yako ya wageni ya vyumba 4, sauna ya infraredi (kasha la joto kavu lisilotumia maji) au chumba cha mvuke, umeme utakula kiasi gani, mbao zipi zinafaa, na kama mama mwenye presha anaweza kuingia. Mimi nakuuliza moja tu: maji yako umeyapima?

Niko Malindi. 2022 nilijenga chumba cha mvuke nyuma ya nyumba, vigae chini hadi dari, na mtambo wa kuchemshia wa kilowati 6 ulionigharimu shilingi 265,000 bila pesa ya fundi. Muuzaji wa Mombasa nilimwambia wazi kwamba natumia maji ya kisima, tena yana chumvi. Akanijibu, "Maji ni maji, yakichemka yote huwa mvuke." Maneno hayo yananichoma mpaka leo, kwa sababu alijua. Mtu anayeuza mitambo hiyo pwani hawezi kukosa kujua.

Yakichemka, kinachopaa ni maji peke yake. Chumvi na chokaa vinabaki tangini, na kila ukiongeza maji vinazidi. Chokaa inaganda juu ya koili, yaani chuma cha umeme kinachochemsha maji, kama ukoko mweupe wa birika la chai, joto linakosa pa kwenda, koili inajipika yenyewe mpaka inakatika. Yangu ya kwanza ilikatika mwezi wa tatu. Fundi alikwangua ukoko kwa bisibisi ukadondoka mapande mapande. Ya pili ilikaa wiki saba. Ya tatu haikukatika, ila chumvi ilikuwa imeshatoboa tangi, lile lile nililoapiwa kwamba halishiki kutu. Maji yakavuja hadi kwenye nyaya, swichi kuu ikaruka, nyumba nzima giza, na mgeni yumo ndani ya mvuke anapapasa ukuta akitafuta mlango. Alitoka salama, alhamdulillahi, lakini mimi usiku ule sikulala. Ukijumlisha koili, mafundi na vigae, zimekwenda zaidi ya 400,000. Chumba sasa nawekea magodoro.

Na asije mtu kuniambia ningesoma kijitabu. Kijitabu kilikuwa Kichina kitupu. Wa kunieleza alikuwa ni yule yule aliyepokea pesa yangu.

Wewe wa Shela usijione umepona kwa kuwa maji yenu ni matamu. Utamu huo ni mvua iliyochujwa na vile vilima vya mchanga, nayo inaelea juu ya maji ya bahari. Pampu zikivuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Kwa hiyo pima Machi, kiangazi kikiwa kimekaza kabla ya masika. Ukipima baada ya mvua utajidanganya. Kuna kipimo kidogo mfano wa kalamu, unakichovya kinakupa namba. Ikipita miligramu 1,000 kwa lita hata ulimi unaanza kukataa. Kisima changu kilisoma 2,300. Kalamu hiyo haitengi chokaa na chumvi, kwa hiyo ugumu wa maji upimishe maabara. Kama namba ni mbaya, vuna maji ya mvua kwa ajili ya mtambo au achana na mvuke kabisa.

Infraredi ndiyo ningenunua. Ni kasha la mbao, nyuzi 45 hadi 60, paneli zinapasha mwili moja kwa moja bila tone la maji. Ya mtu mmoja au wawili hula kama kilowati 2, na soketi ya kawaida ya ampea 13 inaibeba. Sauna ya mawe ya Kifini ni kitu kingine, nyuzi 80 hadi 100, na hata huko maji ya chumvi ukiyamwaga kwenye mawe yanakula jiko. Ule utafiti wa Ufini wa 2015, wa wanaume 2,315, ambao wauzaji wanautaja sana kuhusu moyo, ulihusu sauna ya Kifini. Muuzaji akikusomea huku anakuuzia infraredi, ondoka dukani.

La mama mwulizeni daktari wake. Kipimo cha kalamu ninacho bado, naweza kukuletea nikija Lamu. Niandikie hapa namba itakayosoma kabla hujatuma hata shilingi.