Ukitathmini hifadhi, usihesabu mabango

Nimeshiriki tathmini kadhaa za hifadhi za bahari huku Mtwara na Lindi, na karibu zote zilielemea upande wa vifaa na vikao, kwa kuwa boti na mabango ni rahisi kuhesabu kuliko pweza.

Dodoso la tathmini linalotumika sana duniani, lililotolewa na Benki ya Dunia na shirika la uhifadhi la WWF mwaka 2002, hutoa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kila swali: kama mipaka inajulikana, kama mpango wa usimamizi upo, kama bajeti inatosha. Ni chombo kizuri na hakina gharama kubwa, ila wanaolijaza mara nyingi ndio wasimamizi wenyewe, na mwanafunzi anayejisahihishia mtihani hana sababu ya kuwa mkali. Kwa hiyo alama isiyo na ushahidi ulioandikwa pembeni yake isipokelewe. Anayejipa 3 kwa doria alete kitabu cha doria, nawe usitazame idadi ya safari tu bali tarehe zake. Doria zinazorundikana mwezi Juni, mwaka wa fedha unapokwisha, hazimtishi mvuvi wa juya, yaani wavu wa kukokota.

Chukua Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650 hivi. Ndani yake mna vijiji, mikoko, matumbawe na hata visima vya gesi, na matumizi yamegawanywa kwa kanda. Mahali kama hapo, swali la mipaka halijibiwi na ramani ya ukutani. Nenda kijiji cha Msimbati wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakishakupwa, uwaulize akina mama wanaochokoa pweza kanda iliyozuiwa inaanzia wapi. Wakikutajia mahali tofauti na alipokutajia mhifadhi, alama ishuke, hata kama ramani ina muhuri.

Matokeo ya uhifadhi ndiyo magumu zaidi kupima. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, ndani na nje ya hifadhi, na kumlaumu mhifadhi kwa hilo ni kumwonea. Ndiyo maana ni lazima upime pia mwamba usiolindwa, wa kina kinacholingana, kwa msimu uleule. Tofauti kati ya miamba hiyo miwili, ikifuatiliwa mwaka hadi mwaka, hueleza kazi ya usimamizi kuliko hali ya mwamba mmoja. Uzito wa pweza wanaoshushwa mialoni nao ulinganishwe bamvua kwa bamvua.

Mwisho, rasimu ya ripoti ya tathmini isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla haijasainiwa, na pingamizi za wavuvi ziandikwe humohumo, si kwenye kiambatisho.