Maswali Yenu: Kupunguza Hewa Ukaa Kazini

Ofisini kwetu Nairobi tumebandika "Zima taa" kila mlango, lakini wenzangu hawajali. Nifanyeje?

Taa si pa kuanzia. Umeme wa gridi ya Kenya kwa sehemu kubwa unatokana na mvuke wa joto la ardhini wa Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo hewa ukaa yake ni kidogo. Tazameni jenereta na magari: lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, yaani hewa ukaa. Waiteni kikaoni wanaoshika mafuta hayo, yaani madereva, fundi, na mlinzi anayewasha jenereta usiku. Waulizeni yanapotea wapi. Wao wanajua kuliko meneja. Kisha bandikeni ubaoni lita za kila mwezi, na pendekezo la kwanza litekelezwe haraka. Watu huchoka kuulizwa maoni yanayoishia kwenye faili.

Mimi ni dereva wa lori, Mombasa. Bosi anataka tubane mafuta. Sisi tunapata nini?

Una haki ya kuuliza. Kutokanyaga mafuta kwa pupa, kuzima injini kwenye foleni ndefu na kupima upepo wa matairi huokoa dizeli, na anayeona akiba hiyo ni mwajiri. Dai sehemu yake irudi kwenu, na makubaliano yaandikwe kabla hamjaanza. Angalieni pia kipimo: anayepanda na mzigo mzito kuelekea Nairobi hawezi kulinganishwa na anayezunguka mjini. Kila lori lilinganishwe na rekodi zake lenyewe, njia ile ile, mzigo ule ule. Bila hivyo mtawaonea watu.

Dar, tunagombana kila siku: wengine wanataka AC 18, wengine wanatetemeka.

Wekeni 24 au 25, fungeni madirisha. Ila mnasahau gesi ya kupoozea iliyomo ndani ya AC. AC inayojazwa gesi mara kwa mara inavuja, na kilo moja ya gesi aina ya R-410A ikitoka hewani inapasha dunia joto sawa na takriban tani 2 za kaboni dioksidi. Aliyeona haipoozi atoe taarifa, na fundi azibe kwanza ndipo ajaze.

Uongozi wetu hautaki kusikia habari hizi.

Wapelekeeni risiti za dizeli za mwaka mzima, zikiwa zimejumlishwa. Nendeni wengi, si mmoja.