Kabla mtandao wenu uwe na jina, tafuteni listi

Vijana wa mashirika madogo hapa Kisumu huniuliza sana vile mtu anaweza kuleta CBO kadhaa, yaani vikundi vya kijamii vya mtaani, pamoja zivute upande mmoja, na jibu langu huwaudhi kidogo, maana wao wanataka kuskia mambo ya maono na uongozi na mimi nawaambia waende watafute listi. Listi ya watu. Nani anasaidiwa, anasaidiwa na nani, anaishi wapi. Hayo mengine tutaongea baadaye.

Mimi niko kwa mtandao wa vikundi vinavyoshughulika na wasichana walioacha shule sababu ya mimba, kwa mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga hapa Kisumu. Sera tunazo, wizara ya elimu ilitoa mwongozo 2020 unaosema wazi msichana akishajifungua ana haki ya kurudi darasani. Kazi ngumu iko huku mtaani. Kikundi kimoja kinapeana sodo, kingine vitabu, kingine kinaongea na wazazi, kingine kinafuata kesi za unajisi kortini, na kila kimoja kikiandika ripoti kinasema kimefikia wasichana wengi ajabu. Ukijumlisha hizo ripoti utadhani Nyalenda wanaishi wasichana peke yao.

Tulipoamua kuweka madaftari yote kwa meza moja ndio tukajionea. Msichana mmoja huku ameandikwa Mercy, kule Akinyi, kwa daftari la tatu amebeba jina la babake ambaye hata hawaishi pamoja, na umri nao kila mtu ameandika wake. Majina hayakutusaidia kitu. Kilichotusaidia ni namba ya simu ya mama na jina la ploti, hapo ndio tukaanza kupiga mistari ya kalamu nyekundu kuunganisha na idadi ya wasichana ikapungua hadi watu wakanyamaza. Na upande wa pili pia ukajitokeza: kuna vichochoro Obunga hakuna kikundi hata kimoja kilikuwa kimeandika mtu, kwa sababu gari haifiki hapo mvua ikinyesha na sisi sote tulikuwa tunapenda kuanzia karibu na lami. Mama mmoja alikuwa ametudokezea kitambo, tunapiga hodi kwake akatuuliza, "Mwanangu, nyinyi ni wale wa sabuni ama wale wa vitabu? Kwa sababu wa sabuni walikuja jana." Tukacheka. Kumbe huyo mama alikuwa anatufanyia ukaguzi wa hesabu bila malipo.

Sasa ujue listi ikishakuwa moja, vita inaanza, kwa sababu namba za kila mtu zinashuka. Mkurugenzi aliyeahidi dona, yaani mfadhili wake, wasichana wengi anabaki na nusu na anaanza kukosa mitingi, ati yuko Nairobi. Hapa ndio utajua kama wewe unaongoza ama unaitisha mikutano tu. Nenda ukaongee naye pembeni, umsaidie kumwandikia dona wake mapema kabla ripoti itoke, mweleze hesabu imepungua kwa sababu sai inahesabu watu badala ya sahihi za mahudhurio. Wafadhili wengi huelewa wakiambiwa mapema. Wakigundua wenyewe ndio inakuwa mambo mengine. Halafu mkubaliane: kila kikundi kiripoti kazi yake, lakini idadi ya wasichana waliorudi shule na bado wako shule mwisho wa muhula ni ya wote, hakuna mtu anaichukua peke yake.

Kuna Wamarekani wawili, John Kania na Mark Kramer, waliandika makala 2011 kuhusu mashirika kufanya mabadiliko kwa pamoja, wakataja mambo matano: ajenda moja, kupima kwa njia moja, kazi zinazosaidiana, mawasiliano yasiyokatika, na ofisi ya kushikilia yote. Huku kwetu watu wakiskia hayo wanarukia ajenda na ofisi, kwa sababu ajenda inaandikiwa hoteli na ofisi ina mishahara. Hiyo ya kupima kwa njia moja wanaipita kama mtu anayewadai.

Na tafadhali hiyo listi isirushwe kwa grupu ya WhatsApp. Ni watoto hao, na tuna sheria ya kulinda data tangu 2019. Mzazi ama mlezi akubali kwanza, mtu mmoja au wawili tu washike faili nzima, wengine wapewe kile wanahitaji kwa kazi yao.

Vitu vidogo vinavyoua mitandao wala sitavikalia sana. Nauli iwe kiasi kimoja kwa wote, mama wa kikundi apate sawa na meneja. Bango liwe na logo za saizi moja ama msiweke logo kabisa. Wasichana wenyewe na mama zao wawe na kiti, na mkutano ufanyike saa ambazo mama anayeuza samaki ama mboga soko la Kibuye anaweza kufika.

Kuhusu kusajili, msikimbie. CBO nyingi ziko chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, NGO ziko chini ya ile ya PBO, yaani mashirika ya manufaa ya umma, ya 2013 ambayo ilianza kufanya kazi Mei 2024, na kila moja iko na karatasi zake. Mkisajili mtandao kama shirika jipya mapema, kesho utaomba pesa kwa dona yule yule wa wanachama wako, na watakuchukia na watakuwa na sababu. Chagueni karani, mlipeni kitu kwa kuchangiana, na asitoke kwa lile shirika kubwa kuliko yote. Kazi yake kupiga simu, kukumbusha watu walichoahidi, kuweka listi safi. Ukipata mtu mpole lakini msumbufu, huyo huyo.

Hayo ya kuchangiana nayasisitiza kwa sababu tuliona Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, miradi mingi huku Nyanza ilifungwa ghafla, wafanyakazi wakaenda nyumbani na laptopu zikarudishwa. Mtandao ambao karani wake alikuwa anakula mshahara wa mradi mmoja ulikwisha na mradi.

Kwa hivyo pesa ya kaunti pia ni yetu, tuifuate kwa wakati. Watu hujitokeza Juni wakiwa na tisheti na vuvuzela, na wakati huo bajeti imeshaandikwa kitambo. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Basi kama ni kuongea, ongeeni Julai na Agosti. Muulizeni msimamizi wa wadi kikao cha wananchi ni lini na wapi, mpeleke memoranda iliyoandikwa, ukurasa mmoja unatosha, hesabu kutoka kwa listi yenu iwe juu kabisa, vikundi vyote viweke sahihi, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.