Mleta uzi usilipie hiyo taa, "100W" ya kwenye boksi iliniulia vifaranga 58

Simama hapo hapo. Umesema vifaranga 150 wanashuka Ijumaa, uko Makambako, unatafuta taa ya kuwapa joto, na umeshaona dukani taa nyeupe "ya neon" imeandikwa 100W, haili umeme. Unauliza uchukue moja au mbili, ya pini au ya skrubu, nyeupe au nyekundu, na Luku itakula kiasi gani. Usichukue hata moja. Nimesoma swali lako tumbo likaniuma, maana duka hilo kama nalijua hata kama silo lile.

Juni mwaka juzi, Njombe. Vifaranga 100 wa siku moja, banda nimelifunika vizuri, maranda nimemwaga, maji ya glukosi tayari. Nikaenda kutafuta glopu za wati 100, zile za zamani zenye waya ndani. Muuzaji akanicheka. "Hizo za kizamani bosi wangu, chukua hii ya neon. Mia ni mia, halafu haili umeme." Nikachukua mbili. Hesabu yangu ilikuwa wati 200, na roho nyeupe.

Hiyo "haili umeme" ndiyo ingenitoa dukani mbio. Taa isiyokula umeme joto italitoa wapi?

Boksi nililigeuza baada ya msiba. Mbele 100W kubwa, ya kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Upande wa pili, kwa maandishi ya kuazimia miwani, 13W. Maana yake taa inatoa mwanga kama wa glopu ya wati 100, karibu lumeni 1,500, ila yenyewe inakula wati 13. Kwa sebule ni taa safi sana. Lakini vifaranga hawasomi magazeti! Mimi nilikuwa nimewawashia wati 26 tu, usiku wa Njombe ambao hata mbwa anaomba aingie ndani.

Na nilikuwa makini, hicho ndicho kinachouma. Nilinunua ekstensheni yenye kile kitaa chekundu pembeni ya swichi, nikaiweka mahali ninapoiona toka dirisha la chumbani. Saa sita usiku nikachungulia, kitaa kinawaka, banda linang'aa kama ukumbi wa harusi. Saa tisa, hivyo hivyo. Nikarudi kulala kama baba mwenye nyumba.

Saa kumi na moja nikaingia. Walikuwa wamerundikana kona moja, wa juu wanalia ile sauti nyembamba ya baridi, wa chini wameshakuwa bapa, manyoya yamelowa. Nikaishika taa kwa kiganja kizima, nikaishikilia. Ilikuwa vuguvugu kama kikombe cha chai iliyosahaulika. Glopu ya wati 100 iliyokesha inawaka huwezi kuishika hata kwa kuhesabu moja. Pembeni kitaa chekundu bado kinanitazama, kimetulia kabisa. Nikahesabu 58. Mke wangu alisema taa ya kubana matumizi imebana umeme, ikabana na vifaranga. Anarudia hadi leo tukiwa na wageni.

Mtaalamu wa kundi la wasap nililolipia elfu kumi kuingia, nilipomuuliza, akaniambia nilikosea chanjo. Chanjo! Kifaranga hajamaliza hata siku mbili duniani.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote niliyoandika ukitaka sahau: unanunua wati zinazoliwa, siyo wati zinazosemwa.

Na hiyo unayoonyeshwa wala siyo neon. Ni LED, au tyubu iliyokunjwa, watu wanaiita neon kwa sababu ni nyeupe. Neon yenyewe ni kile kitaa kidogo cha rangi ya chungwa ndani ya testa ya fundi, na ndicho kile kilichoonekana chekundu kwenye swichi ya ekstensheni yangu. Kinakula umeme kidogo mno na kazi yake ni kukuambia umeme umefika pale. Glopu ikiungua, neon inawaka. Umeme ukishuka mpaka volti 180, glopu inapoteza karibu theluthi ya joto, neon bado inawaka. Hata kwenye volti 100 itakuwakia. Usimwachie ulinzi wa banda.

Glopu ya waya ni jiko dogo linalojifanya taa. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoula inakuwa joto, ndiyo maana Ulaya walianza kuziondoa madukani mwaka 2009. Kasoro yao ndiyo hitaji letu. Mimi sasa kwa vifaranga 100 natundika mbili za wati 100, Juni na Julai naongeza ya tatu. Bora mbili kuliko moja kubwa, maana moja ikiungua usiku kuna iliyobaki. Na zinaungua kweli, umri wake ni kama saa 1,000, ukiwasha mchana na usiku haifiki wiki sita. Kaa na akiba ndani. Holda iwe ya kauri, ya plastiki inayeyuka, na tundika kwa waya wa bati au mnyororo, usiiachie nyaya za umeme zibebe. Ikidondoka kwenye maranda utarudi hapa na uzi mwingine.

Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35 usawa wa mgongo wao, siyo usawa wa pua yako. Kama huna kipimajoto watazame. Wakirundikana chini ya taa, ishushe. Wakiikimbia midomo wazi, ipandishe. Wakitawanyika na kula, kalale.

Luku: wati 200 kwa saa 24 ni yuniti 4.8 kwa siku. Inauma, najua. Piga hesabu ya bei ya kifaranga mara 58 uniambie ipi inauma zaidi.

Pini au skrubu inategemea holda uliyonayo. Rangi wataeleza wengine, mimi hapo sikufika. Kesho ukienda dukani omba boksi kabla ya kutoa hela, geuza upande wa maandishi madogo, piga picha uweke hapa. Niko macho mpaka saa sita.