Python inasoma fomula badala ya jumla

Mkuu, umesema ukisoma seli ya jumla kwenye faili lako la Excel kwa Python unapata =SUM(B2:B31) badala ya namba. Hilo si kosa la skripti yako. openpyxl, ile maktaba ya Python ya kusoma faili za Excel, haipigi hesabu, inasoma tu kilichoandikwa kwenye seli. Fungua faili hivi: load_workbook("mauzo.xlsx", data_only=True), kisha ws["B32"].value (ws ni shiti yako ndani ya faili hilo) itakupa namba. Ila namba hiyo ni ile ambayo Excel iliihifadhi mara ya mwisho. Faili lililotengenezwa na Python na halijawahi kufunguliwa kwenye Excel litakurudishia None, yaani hakuna thamani. Lifungue, sevu, jaribu tena. Na ukishalifungua kwa data_only usije ukalisevu juu ya lile la mwanzo, fomula zote zinafutika zinabaki namba tupu. Nimeshalia na hilo kwenye hesabu za duka.