Programu inakufa kila siku kwenye seva? Usiiwashe kabla hujasoma logi

MySQL (programu ya kuhifadhi data) kwenye seva yangu ya RAM giga 1 inakufa kila siku saa nane usiku, nikiiwasha inarudi freshi, kesho tena. Shida nini?

Pole sana ndugu yangu, hapo RAM inaisha. Ikijaa kabisa keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inachagua programu moja inaiua ili mashine isigande, na mara nyingi inamkamata anayekula memori nyingi, yaani MySQL, hata kama aliyeleta balaa ni mwingine. Andika dmesg -T utafute maneno Out of memory. Angalizo, seva nyingi zinatumia saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, kwa hiyo saa nane yako ya usiku kwenye logi utaiona 23:00, watu wengi wanapitiliza hapo wanasema hakuna kitu! Ukishaipata angalia crontab, yaani ratiba ya kazi zinazojiwasha zenyewe, muda huo kuna nini kinaamka, mi nashuku bakapu. Ihamishe muda au uipunguze uzito, pm.max_children ya PHP-FPM (idadi ya PHP zinazoruhusiwa kufanya kazi kwa pamoja) nayo ishushe, halafu ongeza swap kidogo, yaani sehemu ya diski ya kusaidia RAM ikijaa, japo swap ni polepole kwa hiyo usiitegemee iwe ndo RAM.

Programu yangu inazima na namba 137, siku zingine 139. Zina maana gani?

Toa 128 kwenye hiyo namba. Ikibaki 9, maana yake imeuliwa kwa nguvu, rudi jibu la juu uanzie kwenye memori. Ikibaki 11 programu imegusa memori isiyoruhusiwa, hiyo ni bagi kwenye kodi au kwenye laibrari inayotumia, coredumpctl itakuonyesha ilidondokea wapi kama imewekwa kwenye seva yako. Ila kama programu tofauti tofauti zinadondoka hovyo na 139, pima RAM yenyewe kwa Memtest86+.

Nimeweka Restart=always (iwashwe tena kila ikifa) kwenye systemd, msimamizi wa sevisi za Linux, lakini mwisho inagoma kuwaka kabisa, kwa nini?

Kwa kawaida systemd ikiwasha kitu mara 5 ndani ya sekunde 10 kikaendelea kufa, inaacha. Weka RestartSec=5 itaendelea kujaribu, lakini tafadhali usiishie hapo, kila ikifa kuna mteja katikati ya malipo au fomu amekatiwa. Soma journalctl -u na jina la sevisi yako, mistari ya mwisho kabla haijafa.

Inalalamika diski imejaa wakati df -h inaonyesha nafasi ipo nusu.

Jaribu df -i. Huenda inodi zimeisha, yaani nafasi za kuandikisha mafaili (kila faili linakula moja), kuna folda ina mafaili madogo madogo kibao, anza na ya sesheni za PHP.