Pamba kwenye boksi la sabufa: vijana mnanichosha

Juzi nimefungua boksi la kijana wetu mmoja, pamba imeshindiliwa mpaka spika haitaki kutoka. Namuuliza, ananijibu, "Fundi, pamba nyingi si ndiyo besi nyingi?" Haya, sogeeni.

1. Hewa ikibanwa inapata joto, na joto hilo linaifanya izidi kuwa ngumu. Nyuzi za poliesta, ndiyo hiyo pamba ya mito, zinalipokea, hewa inalegea, sabufa inaona boksi limeongezeka ukubwa na Qtc, kipimo cha besi inavyovuma ndani ya boksi, inashuka. Kinadharia mwisho wa ongezeko hilo ni asilimia 40. Kazini ukipata 15 shukuru. Wanaosema haya ni mambo ya juzi wajue kwamba spika ya AR-1 ya Edgar Villchur, mwaka 1954, ilijazwa nyuzi za kioo. Sasa kama boksi lako tayari lina Qtc nzuri ya 0.7, unajaza ya nini?

2. Gramu 8 hadi 16 kwa lita, pamba ya mito, uichambue kwanza. Ukishindilia, inakula nafasi uliyokuwa unaitafuta.

3. Acheni kubandika sponji ukutani. Wimbi la Hz 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, sponji ya sentimita 2 litaijulia wapi?

4. Uvujaji. Hapa nyamazeni kidogo. Mteja alileta gari, besi imelegea, halafu boksi linapuliza "fyuu" kila ngoma ikigonga. Nikaongeza pamba. Fyuu ikapungua, nikajiona bingwa. Akarudi. Nikaongeza tena, na nikamsomea somo refu la Qtc ambalo mwenyewe nilikuwa nimelisoma usiku wake. Mara nyingine akaja na shemeji yake, seremala, mtu asiyejua hata waya chanya ni upi. Muziki unapiga, yeye kaweka kiganja nyuma ya boksi: "Fundi, hapa pana upepo." Tundu la waya! Sikuliziba tangu siku ya kwanza, na pamba yangu ilikuwa inaficha mlio tu. Nilirudisha hela mbele ya wanafunzi wangu, na mmoja wao mpaka leo akiniona ananipulizia "fyuu".

Kwa hiyo lowesha kiganja, piga toni ya Hz 30, pitisha kwenye maungio yote. Pamba baadaye.

5. Nyuma ya sumaku weka kitambaa cha neti, nyuzi zisiingie kwenye tundu la kupoza koili. Na silikoni ya kuzibia yenye harufu ya siki iache ikauke kabisa kabla hujafunga spika, hata mteja akipiga simu mara ngapi.